Shajara ya mradi: shahada ya ukunga, muhula kwa muhula

Mwanzo: upeo na vifaa

Shajara hii inafuatilia masomo yangu ya shahada ya ukunga. Siiandiki kila siku. Naiandika pale jambo linapokamilika, linapokwama, au linaponilazimu kubadili namna ya kusoma. Habari za mgonjwa mmoja mmoja hazimo. Wanawake waliojifungua mbele ya wanafunzi hawakuomba kugeuzwa hadithi, kwa hiyo mama anayetajwa humu ni mama yeyote.

Upeo wa mradi: Shirikisho la Kimataifa la Wakunga limeweka kiwango cha chini cha miaka 3 kwa anayeingia ukunga moja kwa moja, na miezi 18 kwa aliyekwisha kuwa muuguzi. Ndani ya muda huo vitendo visipungue asilimia 50 na nadharia isipungue asilimia 40. Mimi ni wa kundi la kwanza. Kwenye karatasi, nusu ya vitendo inaonekana kama nafuu ya kutoka darasani, hadi ratiba ya zamu inapobandikwa: usiku, wikendi, na darasa la asubuhi ambalo halina habari ulilala saa ngapi.

Vifaa: daftari la mafunzo kwa vitendo lenye nafasi za sahihi ya msimamizi, utepe wa kupimia, kalamu za rangi mbili, na saa yenye mshale wa sekunde. Hii ya mwisho ndiyo inayotumika kuliko zote, na naona tayari kwamba itajitokeza katika kila ukurasa.

Muhula wa kwanza: nyonga na fuvu

Embriolojia imepita. Homoni zimepita kwa jasho. Muda mwingi umeishia kwenye mifupa, na sijutii.

Namba zenyewe ni chache. Lango la juu la nyonga lina sentimita 11 kutoka mbele kwenda nyuma na 13 kutoka upande hadi upande. Katikati ni 12 kwa 12. Lango la chini vipimo vimebadilishana: 13 mbele hadi nyuma, 11 upande hadi upande. Ukizikariri hivyo hazikuambii kitu, na mtihani ukiisha zinaondoka. Shika mwanasesere mkono mmoja na nyonga ya plastiki mkono mwingine, ndipo zinapoeleza kwa nini mtoto huingia akiwa ametazama ubavuni mwa mama, na kwa kawaida hutoka akitazama upande wa mgongo wa mama. Anafuata nafasi ilipo pana. Kugeuka kote kunakochukua kurasa nyingi kitabuni kumo ndani ya namba hizo.

Fuvu lina hesabu yake. Kichwa kilichoinama vizuri, kidevu kikiwa kifuani, hupita kwa kipimo cha sentimita 9.5. Kikiinuka hadi paji la uso ndilo linalotangulia, kipimo kinafika 13.5. Ni mtoto yuleyule na nyonga ileile. Tofauti ni shingo imekunjwa kiasi gani. Ndiyo maana tunafundishwa kutafuta utosi kwa ncha ya kidole: wa mbele mkubwa, umbo la almasi, wa nyuma mdogo, wa pembetatu. Ukigusa wa nyuma kwa urahisi, kichwa kimeinama. Ukigusa wa mbele kirahisi, jiandae kwa uchungu mrefu.

Kikundi chetu kinakutana jioni kwenye maabara ya ujuzi. Mmoja anampitisha mwanasesere, mwingine anataja kila hatua kabla haijatokea: kushuka, kuinamisha kichwa, kugeuka ndani, kunyanyua kichwa, kurejea, kugeuka nje, mabega, kiwiliwili. Anayetaja hatua baada ya mwanasesere kuipita anampisha mwenzake. Sijaona njia ya kusoma anatomia inayoishinda hii, na slaidi za mhadhara haziikaribii.

Wanaodhani wanasesere ni anasa ya vyuo vya siku hizi wamsome Angélique du Coudray, mkunga wa Ufaransa. Mwaka 1759 Mfalme Louis XV alimpa kibali cha kuzunguka nchi akifundisha wanawake wa vijijini. Alisafiri na mfano wa nyonga na mtoto uliotengenezwa kwa kitambaa na ngozi, ambao mwenyewe aliuita mashine. Mmoja wa mifano hiyo bado umehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Wanafunzi wake wengi hawakujua kusoma, na hilo halikuwazuia kujua mtoto anavyogeuka.

Muhula wa kwanza, wiki za mwisho: klorini

Somo la kuzuia maambukizi lilianza na kunawa mikono na likaishia Vienna. Katika miaka ya 1840 hospitali kuu ya mji huo ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Moja ya kufundishia wanafunzi wa udaktari, nyingine ya wanafunzi wa ukunga. Katika ya kwanza alikufa takriban mzazi mmoja kati ya kumi, wengi kwa homa ya uzazi. Katika ya pili vifo vilikuwa chini ya wanne kwa mia. Wanafunzi wa udaktari walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kupima wazazi. Wa ukunga hawakuwa na kazi na maiti. Mei 1847 Ignaz Semmelweis aliagiza mikono ioshwe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Aprili vifo katika wodi ya kwanza vilikuwa asilimia 18.3. Juni vilikuwa 2.2.

Kila mtu anakumbuka mikono. Mimi nimeganda kwenye rejista. Kama wodi ya wakunga isingeandika, mwezi baada ya mwezi, nani amejifungua na nani amekufa, Semmelweis asingekuwa na cha kulinganisha, na angebaki mtu mwenye hisia tu. Nimeziandika zile asilimia za Aprili na Juni ndani ya jalada la daftari langu la vitendo, kwa ajili ya usiku ambao kujaza rejista kutaonekana ni kazi ya karani.

Muhula wa pili: kliniki ya wajawazito

Kazi ya kwanza ni tarehe ya matarajio. Kanuni inayobeba jina la Mjerumani Franz Naegele ni nyepesi: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi miezi 3, songa mwaka. Unapata siku 280. Kanuni inachukulia kwamba mzunguko wa kila mwanamke ni siku 28 na yai hutoka katikati, na kwamba mama anaikumbuka siku yenyewe. Wachache sana hujifungua tarehe ile. Mtoto wa wiki 37 kamili hadi kabla ya 42 ametimiza, maana yake kuna wiki tano za uhalali kuzunguka tarehe moja. Siku hizi namwandikia mama tarehe kwenye kadi kama inavyotakiwa, ila kwa mdomo namwambia "kati ya wiki hizi na hizi", kwa sababu nimeona tarehe moja inavyoshikwa na ukoo mzima kana kwamba hospitali imeweka ahadi.

Mahudhurio: tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasiyopungua 8, la kwanza kabla ya wiki 12 kwisha. Kimo cha mfuko wa uzazi: wiki ya 12 unaanza kuuhisi juu ya mfupa wa kinena, wiki ya 20 uko karibu na kitovu, wiki ya 36 uko chini ya mbavu. Kati ya wiki 24 na 36 sentimita za utepe hukaribiana na idadi ya wiki, ukikubali tofauti ya 2. Kupapasa tumbo kwa hatua nne za Leopold nimekuzoea haraka kuliko nilivyotarajia: juu kuna nini, ubavuni kuna nini, kinachotangulia ni nini, kimeshuka kiasi gani.

Kilichokwama ni pembe ya Pinard. Adolphe Pinard aliitoa mwaka 1895, na ni bomba tu la mbao au plastiki la kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, lisilo na betri wala kioo. Wenzangu wengi wanakimbilia dopla, kifaa cha umeme cha kazi hiyohiyo. Mimi nina maoni yangu: dopla inampa sauti hata asiyejua mtoto amelalaje, wakati pembe inakunyima sauti mpaka ujue mgongo uko wapi. Kwa hiyo utaratibu ni huu. Viganja vitafute mgongo. Pembe ikae hapo wima. Sikio lishuke, mkono uiachie pembe kabisa, kwa sababu vidole vinaleta kelele. Mkono ulio huru ushike mshipa wa mama kwenye kifundo cha mkono. Hesabu dakika nzima. Mapigo ya mtoto huwa 110 hadi 160, lakini namba peke yake haitoshi. Yakienda sambamba na kifundo, unamsikiliza mama, hata yawe ya kasi namna gani.

Wiki kadhaa sikusikia chochote zaidi ya matumbo yanayonguruma. Kisha siku moja ikasikika, hafifu na ya haraka, na tangu hapo sikio limejua linatafuta nini. Sahihi ya msimamizi imepatikana mwishoni mwa muhula.

Muhula wa tatu: leba

Hapa ndipo mradi ulipobadilika umbo. Darasani kila kitu kina kichwa cha habari. Leba kila kitu kinatokea pamoja.

Msimamizi wangu wa zamu, mkunga wa miaka mingi, alinipa kanuni moja kabla sijavaa glavu: "Mkono ukae tumboni dakika kumi nzima, mwanangu. Usiniletee habari za dakika tatu ukazidisha." Mikazo mingapi katika dakika 10, na kila mmoja umedumu sekunde ngapi. Ni kazi inayochosha mgongo na inayoonekana kama hufanyi lolote. Lakini kiganja kinahisi mfuko wa uzazi ukianza kukaza kabla mama hajaanza kuumia, na hizo sekunde chache zinatosha kumwambia "huo unakuja, vuta pumzi taratibu". Mama akishaona kwamba unajua kabla yake, anakuamini. Hilo halimo katika orodha ya stadi za kutiwa sahihi.

Kuhusu chati ya uchungu nimesoma kuliko ilivyodaiwa na silabasi, kwa sababu darasa na wodi havikukubaliana.

Historia kwa ufupi. Mwaka 1954 Mmarekani Emanuel Friedman alichora grafu ya kufunguka kwa mlango wa kizazi kwa saa. Mwaka 1972 R. H. Philpott na W. M. Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, wakaiongezea mistari miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, inayoachana kwa saa 4. Shida yao ilikuwa ya kila siku: mkunga aliye kituo cha mbali ajue wakati wa kutoa rufaa mapema, kabla mambo hayajaharibika. Shirika la Afya Duniani likaipitisha chati hiyo, iitwayo patografu, kwenye majaribio yaliyohusisha wanawake zaidi ya 35,000 Asia ya Kusini-Mashariki, matokeo yakatoka mwaka 1994, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo ikawa lugha ya leba duniani.

Mstari wa tahadhari ulisimama juu ya dhana ya sentimita 1 kwa saa. Mwaka 2018 shirika hilohilo likatamka kwamba kasi hiyo ni kubwa mno kuwa kipimo cha kila mama, na kwamba uchungu kamili uhesabiwe kuanzia sentimita 5. Desemba 2020 ukatoka Mwongozo wa Huduma ya Uchungu, chati isiyo na mstari wa mshazari. Badala yake kila sentimita ina subira yake kabla ya kuwa na wasiwasi: kwenye 5 ni saa 6, kwenye 6 ni saa 5, kwenye 7 ni saa 3, kwenye 8 ni saa 2 na nusu, kwenye 9 ni saa 2. Yaani mwanzoni tunangoja zaidi, mwishoni tunangoja kidogo. Kwa aliyekaa na mama anayejifungua kwa mara ya kwanza, hilo linaingia akilini kuliko mstari ulionyooka.

Tatizo la mwanafunzi ni kwamba maktaba, mhadhiri na wodi haviishi mwaka mmoja. Kitabu kinaanza hesabu kwenye sentimita 4, mhadhiri kwenye 5, na karatasi inayotolewa kabatini ni ile iliyokuwepo. Uamuzi wangu: najaza chati inayotumika wodini, kwa sababu anayepokea zamu ataisoma hiyo, lakini najua zote mbili zinasemaje kuhusu mama aliye mbele yangu. Zikitofautiana, namwuliza msimamizi kwa sauti.

Jambo jingine la mwongozo mpya ambalo baadhi ya wenzangu wanaliita pambo. Kabla hujafika kwenye mapigo ya mtoto, unaulizwa: ana mwenza wa kumsindikiza? Amepewa nafuu ya maumivu? Anakunywa? Amekaa mkao gani? Mwenye kulala chali anawekewa alama ya tahadhari kama mwenye presha. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa kuliko hata sentimita. Chati ya zamani haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu yuko peke yake.

Muhula wa tatu, mtihani wa vituo

Umepita. Kituo kilichotikisa wengi ni cha mabega kukwama. Kinaanza kwa swali: kichwa kimetoka saa ngapi? Asiyetaja saa ameshapoteza alama, kwa sababu kuanzia hapo mtoto anakosa hewa na kila mtu chumbani anahitaji kujua muda umekwenda kiasi gani. Kisha kuita msaada, magoti ya mama kukunjwa hadi karibu na kifua, mwenzako abonyeze juu ya mfupa wa kinena (siyo juu ya mfuko wa uzazi, kamwe), na ikishindikana taratibu za ndani au kumgeuza mama ashike magoti na mikono. Mkao huo wa mwisho Mmarekani Ina May Gaskin aliupeleka kwao mwaka 1976 akiwa ameusikia kwa wakunga wa Amerika ya Kati. Unabeba jina lake. Wao hawatajwi.

Muhula wa nne: dakika ya kwanza ya kichanga

Virginia Apgar alibuni alama zake mwaka 1952: rangi, mapigo ya moyo, mwitikio, ulegevu au ukakamavu wa misuli, na kupumua, kila kimoja 0 hadi 2, dakika ya kwanza na ya tano. Kila mwanafunzi anazijua. Kinachochanganya ni kwamba alama hizo hazikukusudiwa kuamua nani asaidiwe kupumua. Ukisubiri dakika iishe ili upate namba, umechelewa. Mtoto asiyepumua anakaushwa, anasuguliwa mgongo, njia ya hewa inafunguliwa, na kama bado, anaanza kupewa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika hiyohiyo, pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, ukitazama kifua kama kinapanda. Kifua kisipopanda, hufanyi kitu hata ukibonyeza kwa bidii. Rekebisha shingo, rekebisha barakoa.

Na upande wa pili, kwa mtoto aliyelia vizuri, tunatakiwa tusifanye haraka. Kitovu kisibanwe mpaka ipite dakika 1 hadi 3, damu iliyobaki kwenye kondo imfikie. Mtoto akae kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza. Mkono wa mwanafunzi unawasha kutaka kukata, kupima, kuvisha. Nimeamua kushika mikono yangu nyuma ya mgongo, kwa kweli kabisa, mpaka mshale wa sekunde uzunguke.

Muhula wa nne: damu

Zoezi bora kuliko yote ya shahada hii mpaka sasa. Mwalimu alimwaga maji mekundu kwenye vitambaa, mashuka na beseni, kila mmoja akaandika makadirio yake. Darasa zima likakadiria chini, na jinsi kiasi kilivyokuwa kikubwa ndivyo tulivyozidi kupunguza. Macho hayapimi damu. Kila mkunga mzoefu analijua hilo na bado wodi nyingi zinategemea macho.

Ndiyo sababu utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, umetufundisha kwa uzito wake. Ulifanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wanawake zaidi ya 200,000. Kifaa kikuu kilikuwa karatasi ya plastiki yenye mfuko uliotiwa alama za mililita, inayowekwa chini ya mama baada ya mtoto kutoka. Ikishajulikana damu imezidi, matibabu yote yanaanza pamoja: kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza, asidi ya tranekisamiki ya kusaidia damu kuganda, dripu, kukagua inakotoka damu, kuita wakubwa. Zamani tulifundishwa kujaribu kimoja, kungoja, kisha kingine. Mahali palipotumika utaratibu mpya, tatizo liligunduliwa kwa asilimia 93 ya waliovuja. Kwingine ni 51. Kutokwa damu kupindukia, upasuaji wa kuokoa maisha au kifo kwa sababu hiyo vilishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6.

Asidi ya tranekisamiki nayo ina saa yake. Utafiti wa 2017 uliohusisha wanawake 20,000 ulionyesha kwamba inasaidia ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Baada ya hapo faida haipo. Kwa hiyo saa ya mtoto kutoka, ambayo mwanafunzi huiandika kwa mazoea tu, ndiyo atakayoitafuta daktari akiitwa usiku.

Kifafa cha mimba, kwa ufupi, maana kimenila wiki mbili za hesabu: presha 140/90 ni onyo, 160/110 ni dharura. Magnesiamu salfeti, gramu 4 kwenye mshipa polepole na gramu 10 kwenye misuli, tano kila tako. Utafiti wa Magpie wa 2002 ulithibitisha kwamba inapunguza degedege kwa zaidi ya nusu. Kabla ya kila dozi inayofuata: goti liitikie likigongwa, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga magnesiamu ikizidi, iwe mezani, siyo kabatini.

Muhula wa tano: wodi ya wazazi

Nilitarajia wodi tulivu. Ni wodi yenye kazi isiyoonekana. Siku 42 za baada ya kujifungua ndizo zinazohesabika kwenye tafsiri ya kifo cha uzazi, na saa 24 za kwanza ndizo hatari kuliko zote, lakini ndipo wanafunzi wanapopungua kwa sababu hakuna kuzalisha na hivyo hakuna sahihi za kukusanya. Napendekeza kwa atakayenifuata aombe zamu za huku mapema.

Zamu moja ilikuwa ya mama aliyejifungua mtoto mfu. Sitaeleza zaidi ya fiziolojia yake, kwa sababu hiyo ndiyo niliyoona haimo katika maandalizi yetu. Kondo likishatoka projesteroni inashuka, na maziwa yanakuja siku ya pili, ya tatu au ya nne, iwe kuna mtoto au hakuna. Mwili hauulizi. Mama asiyeambiwa mapema anakutwa na maziwa akiwa amekwisha ruhusiwa, nyumbani, peke yake. Kwa hiyo anaambiwa kabla hajaondoka: yatakuja lini, sidiria yenye kushika vizuri, kitambaa cha baridi, dawa ya maumivu, kukamua kidogo tu pale panapouma, na kwamba dawa za kuyazuia zipo akizitaka na zikimfaa. Anaulizwa kama anataka kumshika mtoto, na anaulizwa tena baadaye, maana jibu la kwanza huweza kubadilika. Kama alimpa jina, tunalitumia.

Sikuandika kitu kingine wiki hiyo.

Muhula wa sita: andiko la utafiti

Mada imekubaliwa, kibali cha kamati ya maadili kimetoka baada ya marekebisho ya fomu. Swali langu: mapigo ya moyo ya mtoto yanaandikwa kila baada ya muda gani wakati wa uchungu? Mwongozo unataka kila dakika 15 hadi 30 katika hatua ya kwanza na kila dakika 5 wakati wa kusukuma. Napitia chati za zamani, majina yamefichwa, hakuna mahojiano.

Majaribio ya fomu yameleta jambo ambalo sikulipangia. Chati nyingi zina saa nadhifu mno: 8:00, 8:30, 9:00, 9:30, na mapigo 140, 140, 142, 140. Hakuna mkunga anayehudumia wazazi kadhaa anayefika kila kitanda kwa dakika kamili. Nyingine zina 8:07, 8:41, 9:02, na pengo refu mahali, kisha maelezo pembeni: "mama wa kitanda jirani anavuja damu". Kwa kigezo cha fomu yangu, chati ya kwanza imefaulu na ya pili imeanguka. Mimi ningemkabidhi mtu wangu kwa aliyejaza ya pili.

Nimempelekea msimamizi wa utafiti. Amejibu kwa mstari mmoja: nitatofautishaje mapigo ambayo hayakusikilizwa na yaliyosikilizwa yasiandikwe? Kwa chati peke yake haiwezekani, na hilo litaingia kwenye sehemu ya mipaka ya utafiti. Ninachoweza kupima ni dakika. Saa za kweli zikiandikwa papo hapo, tarakimu ya mwisho ya dakika inapaswa kutawanyika kuanzia 0 hadi 9. Zikijazwa baadaye kwa kumbukumbu, zinarundikana kwenye 0 na 5. Nimeongeza safu ya tarakimu hiyo kwenye fomu na safu nyingine ya idadi ya wazazi waliokuwa leba zamu ileile, inayopatikana kwenye rejista.

Kinachofuata: kupima tena fomu mpya kwa chati chache, kupeleka mabadiliko kwa kamati kwa sababu safu ya pili inagusa rejista ambayo kibali cha kwanza hakikuitaja, na kumalizia sahihi mbili zilizobaki kwenye daftari la vitendo, zote za kuzalisha mtoto anayetanguliza matako, ambazo huwezi kuzipangia tarehe.